Mguu Alioubeba Damaseni

Kama umefikia maandishi haya kwa sababu una kidonda kisichofunga, pole sana, na nakuomba uvumilie kinyaa. Siwezi kuusimulia ugonjwa wa mfupa nikaiacha harufu yake nje. Nilipokuwa mgonjwa nilisoma shuhuda za watu waliopona, na zote zilikuwa safi mno: mtu aliumwa, akasali, akapona, akashukuru. Hakuna hata mmoja aliyenuka. Mimi nilinuka karibu mwaka mzima, na nilimchukia kila aliyeniambia kwamba hasikii kitu.

Naitwa Eliya. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, nikarudi Rwanda kijana na kuingia jeshini. Siku hizi nakaa Gisenyi na mke wangu Veneranda, ambaye anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, sokoni. Wakati wa vita vya waasi vya miaka ya tisini katika milima hii nilipigwa risasi kwenye muundi wa mguu wa kushoto, juu huko Kanama. Mfupa ulivunjika, ukaungwa, ukashika. Niliutumia mguu huo zaidi ya miaka ishirini, nikadhani habari yake imekwisha.

Masika ya mwaka ule kovu likaanza kuwasha. Likawa jekundu, likavimba, na asubuhi moja nikiwa navaa soksi likapasuka. Kitundu chenyewe kilikuwa kidogo, punje ya harage ingekiziba. Kilichotoka humo ndicho sikukitarajia: usaha wa rangi ya chai ya maziwa, mwingi, na harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Nilikifunga kwa kitambaa nikaenda kazini, kwenye ghala la simenti. Kufika saa nne kitambaa kilikuwa chapachapa, na mwenzangu wa ghalani alikuwa amefungua madirisha yote mawili bila kunitazama.

Nyumbani Veneranda alinusa kabla sijakaa.

"Papa Klodina," aliniita kwa jina la binti yetu, kama anavyoniita siku zote, "hii muguu iko na nini?"

"Jasho tu."

"Jasho ya wapi? Mi nauza samaki miaka makumi mbili. Najua kitu yenye kuoza."

Kanisani tulikuwa na benchi letu, la tatu kutoka mbele, tukibanana hapo na familia mbili nyingine. Jumapili ya kwanza walisogea kidogo. Ya pili walihamia upande wa kwaya, wakatupungia mkono kwa tabasamu pana. Ya tatu nilibaki nyumbani nikasema nina mafua. Tabasamu lile lilinikera kuliko kama wangeziba pua zao waziwazi.

Labda unajiuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu hakwenda hospitali juma lile lile. Nilikuwa na sababu, na siyo nzuri. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka mashujaa, mtaa wetu huandaa mkutano. Wanaweka turubai, viti vya plastiki na spika inayokoroma, na mimi hukalishwa mbele. Kiongozi wa mtaa hunipa maikrofoni na kusema, "Afande, waonyeshe vijana." Nilikuwa napandisha suruali mpaka gotini, naonyesha kovu, watu wanapiga makofi. Kisha nawasimulia habari za Damaseni, mtoto wa Kanama, rafiki yangu wa kikosini, ambaye alirudi peke yake chini ya risasi baada ya sisi kuamriwa kurudi nyuma, akanibeba mgongoni mpaka barabarani, na akafa hapo hapo barabarani.

Hayo yote ni kweli. Lakini hayakutosha kwa mkutano, kwa hiyo nilikuwa naongeza sukari. Nilisema alikufa akitabasamu. Nilisema hakuumia. Nilisema maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba anafurahi kufa kwa ajili ya wenzake, na mwaka mmoja nilimfanya ataje hata bendera. Watu walifuta machozi. Mimi nilirudi kwenye kiti changu, nikakubali soda niliyopewa, nikainywa. Mama yake Damaseni, aliyekuwa akiletwa kutoka Kanama, alikuwa anakaa safu ya pili, mikono mapajani, uso mkavu. Tunamwita Mukecuru, kama tunavyowaita kwa heshima wanawake wazee huku. Kila mwaka mpya nilimpelekea sukari na sabuni, tukanywa chai, nikarudi.

Kwangu mimi mguu ule ulikuwa wa Damaseni. Alikufa ili uwepo. Nikiupeleka hospitali waje waseme umeoza, basi nimesema alikufa bure. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo huku nikibadilisha vitambaa mara nne kwa siku.

Kiangazi nikaenda Nyamyumba kwenye maji ya moto. Watu wa huku tunayakimbilia maji yale kwa kila shida ya mifupa: goti, kiuno, kuteguka, uchovu wa uzee. Yanachemka kando ya ziwa, unachagua kidimbwi unachoweza kukivumilia, unakaa juu ya jiwe, na kuna wanaume pale ambao kazi yao ni kukanda. Wangu aliitwa Fabiani. Alikuwa na mikono ya chuma na moyo mwema, na aliamini kabisa anachokifanya.

"Afande, uchafu inatoka," alikuwa akiniambia huku akibonyeza. "Ikitoka yote, muguu inapona. Usiogope."

Nilikwenda wiki sita. Utando wa mafuta ulikuwa unaelea kuzunguka mguu wangu na kusambaa kwenye kidimbwi. Siku moja nilimwona mama mmoja akiuangalia ule utando, kisha akamtoa mtoto wake majini polepole, akamkausha, akaondoka. Ningekuwa na haya ningetoka. Nilibaki nimekaa mpaka saa yangu ikaisha, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameniambia kwamba mguu wa shujaa hauwezi kushindwa na kidonda. Ukiwa na kidonda cha mfupa, usifanye nilichokifanya. Maji yale ni mazuri kwa kiuno cha mkulima. Kwa mfupa uliooza ni sawa na kuuchemshia supu.

Mwisho wa wiki ya sita Fabiani alibonyeza na kitu kikachomoza kwenye tundu. Alikivuta kwa kucha. Kilikuwa kipande chembamba, cheusi, urefu wa kidole.

"Bon, mwiba imetoka!" akasema kwa furaha.

Nilikifunga kwenye karatasi nikakipeleka nyumbani kama zawadi. Veneranda alikifungua mezani, akakitazama muda mrefu, akakisukuma kwa ncha ya kisu.

"Hii si mwiba," alisema. "Hii ni mufupa yako, we mutu. Unatoka vipande vipande na unaniletea kwa karatasi."

Kesho yake hakwenda sokoni. Aliita pikipiki mbili, akanipakia kwenye moja, akapanda nyingine nyuma yetu ili nisigeuze njiani.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Chumba cha kusubiria cha hospitali kilikuwa na mabenchi ya mbao na sakafu yenye matope ya viatu vya watu, na watu walikuwa wengi kwa sababu ya mvua. Nilipoketi, benchi likaanza kupungua. Alibaki mzee mmoja wa Kanzenze mwenye uvimbe puani, amejifunika blanketi. Nikamwambia anaweza kusogea, sitachukia.

"Mi sisikii harufu," akanijibu. "Pua yangu ilikufa zamani. Leo ndiyo nimeona faida yake." Tulicheka wote wawili. Tukakaa pamoja mpaka saa nane, tukagawana mkate wake, na huo ndio mlo wa kwanza niliokula pamoja na mtu asiye mke wangu tangu masika.

Muuguzi wa kidonda aliitwa Spesioza. Alifungua kitambaa, akarudi hatua moja, akatoa kikopo cha dawa ya mafua, akajipaka chini ya pua mbele yangu. "Unanuka, afande," akasema. "Unanuka sana. Haya, tufanye kazi." Sijui kama naweza kukueleza nilivyomshukuru. Miezi yote ile nilikuwa nadanganywa kwa tabasamu, na huyu alinitendea kama mtu. Ukipata muuguzi wa namna hiyo, mshike.

Walinikwangua mfupa mara mbili, mara ya kwanza mvua zikiwa kali, mara ya pili karibu na Noeli. Baada ya kila mara walibakiza shimo ambalo walilijaza shashi, na kila baada ya siku mbili Spesioza aliitoa shashi ile ikija na nyuzi za nyama. Dawa zilinifanya nisikie ladha ya chuma mdomoni. Hata ugali ulikuwa na kutu. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikaanguka bafuni. Makalio yaliisha, nikawa siwezi kukaa kwenye kiti kigumu. Mguu mzima wa kulia ukawa mwembamba kuliko ule mgonjwa, na mgonjwa ukawa na ngozi ya kung'aa, rangi ya zambarau, ambayo sikupenda kuigusa. Nilikuwa naulaza juu ya kiti kingine na kuutazama kwa chuki, kama mgeni anayekataa kuondoka, halafu nakumbuka ni wa nani, naona haya.

Veneranda alihamia sebuleni, kwenye mkeka. Hakusema ni kwa sababu ya harufu, akasema ninarusharusha miguu. Ndiye aliyefua mashuka yangu na vitambaa, kila siku, akavianika nyuma ya nyumba watu wasione. Siku moja nilimwambia asichoke, Mungu atamlipa.

"Mungu aniache kwanza," alijibu akiwa ameinama kwenye beseni. "Unajua sokoni wananiambia nini? Wananiambia: Mama Klodina, unanuka samaki. Mi nashukuru. Samaki inanificha. Ningeuza maandazi, leo ningekosa muteja hata mumoja."

Alicheka, kisha akakaa chini kwenye saruji yenye maji na kulia. Nilikuwa na magongo, sikuweza kuinama kumshika. Nilisimama tu pale, nikinuka.

Mwezi wa kwanza daktari alituita wote wawili ofisini. Alikuwa kijana, mkarimu, na alikuwa amechoka. Alisema kipande kikubwa cha mfupa kimekufa, kukwangua tena ni kupoteza siku, na sumu imeanza kuingia kwenye damu.

"Tukate, chini kidogo ya goti," alisema. "Juma hili. Tukichelewa hatutakata mguu, tutakuzika nao."

Nikasema hapana. Akanieleza upya, taratibu, akidhani sikuelewa. Nikasema hapana tena. Veneranda aliniuliza mbele ya daktari kama nina wazimu, na nikamwambia hajui gharama ya mguu huu. Akatoka nje. Homa ikapanda siku tatu baadaye, nikalazwa, nikatundikiwa dripu, na bado nikakataa.

Kiongozi wa mtaa alikuja kuniona wodini. Nilidhani amekuja kunishawishi nikubali kukatwa. Alisimama mbali kidogo na kitanda, leso mkononi, akasema sherehe ya mashujaa imekaribia na watu wanauliza.

"Hata dakika kumi, afande. Tutaleta gari. Uonyeshe mguu, useme maneno machache, basi tukurudishe."

"Ninanuka," nikamwambia.

"Tumelifikiria hilo. Tutakuweka upande ambao upepo unaelekea ziwani."

Nimeona mengi ya kuchukiza maishani, lakini sentensi ile naiweka juu kabisa. Na la kuchukiza zaidi ni kwamba kwa muda mfupi nilianza kupanga nitasema nini.

Veneranda alikuwa pembeni, akasikia yote. Asubuhi iliyofuata hakuja na uji. Alipanda minibasi kwenda Kanama, na mchana akarudi akiwa ameongozana na Mukecuru, mwenye kitenge kilicholowa chini na viatu vya plastiki vyenye udongo wa shambani. Mukecuru aliuza maharage Goma ujana wake wote, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha soko, na hakina mapambo. Alivuta kiti akakaa karibu na kichwa changu.

"Bibi yako amesema unakataa wakate muguu juu ya mutoto wangu."

"Ndiyo, mama."

"Damaseni amekuambia usikate?"

Nikaanza kumweleza. Nikajikuta natumia maneno yale yale ya maikrofoni: alikufa kwa tabasamu, alifurahi kutoa uhai wake. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Hiyo ya mukutano uache. Miaka yote nakaa pale nasikia uongo, nanyamaza sababu watu wanapiga makofi. Mutu hafi vile. Mi nilizaa saba, nimezika ine. Nambie alikufa namna gani."

Sikuwahi kumwambia mtu, hata Veneranda aliyekuwa amesimama upande wa miguuni mwa kitanda. Nilimwambia. Nilikuwa nimelala kwenye shamba la viazi, mfupa umechomoza nje ya suruali, wenzangu wamekwisha shuka. Damaseni alirudi. Alipigwa tumboni akiwa anarudi, na hakuniambia; alijifunga mkanda juu ya shati, akanipandisha mgongoni, tukaanza kuteremka. Nilimtapikia shingoni. Alinuka damu, na baadaye alinuka mavi, kwa sababu risasi ilikuwa imepasua utumbo. Mimi niliyebebwa niligeuza uso upande mwingine nisimnuse.

"Endelea," alisema Mukecuru.

Katikati ya mlima alipunguza mwendo akaniuliza, "Eliya, nikutue?" Nilidhani akinitua ataniacha. Nikakaza mikono shingoni mwake, nikamwambia hapana, usinitue, usinitue. Akaendelea. Alipofika barabarani alipiga magoti, akaniweka kwenye nyasi, akaketi kando yangu. Hakutabasamu. Alimwita mama yake, mara nyingi, mpaka sauti ikaisha. Gari lilipotufikia alikuwa amekwisha. Alitaka kupumzika, nikamnyima, na hilo ndilo nililokuwa nalifunika kwa bendera kila mwaka.

Veneranda alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Mukecuru hakulia. Alionekana anahesabu kitu kichwani.

"Alisema namna gani? Sema vile alisema."

"Alisema: nikutue?"

"Na we ukakataa."

"Ndiyo."

"Akafanya nini kisha?"

Ilibidi nifikirie. Miaka yote ile kumbukumbu yangu ilikuwa inaishia kwenye jibu langu, haikuwahi kwenda hatua mbele. "Aliongeza mwendo," nikasema. "Alikuwa karibu anakimbia."

Mukecuru akashusha pumzi, akajiegemeza kwenye kiti.

"Baba yake alikuwa mukubwa wa ingobyi pale kwetu," alisema. Ingobyi ni ile machela ya kusukwa ambayo watu wa milimani huwabebea wagonjwa mpaka barabarani, wanaume wakipokezana. "Wabebaji wa kwetu wako na swali yao. Katikati ya mulima wanauliza mugonjwa: tukutue? Si juu ya kupumuzika. Wao hawapumuziki, wanabadilisha bega wakitembea. Wanataka kujua kama angali anataka kuishi. Akisema ndiyo, nitueni, wanajua anaenda. Wanamutua, wanaita mutu wa kusali. Akikataa, wanafurahi, wanakimbia. Damaseni alianza kubeba akiwa na miaka kumi na tano. Alikuuliza swali ya kwao."

Nilimwambia sikujua.

"Utajua wapi? We ni mutu ya Tanzania. Lakini mi niko Kanama, sijaenda popote. Unakuja na sukari, unakunywa chai yangu, hata siku moja hukuniuliza kitu ya mutoto wangu."

"Mama, labda kama angepumzika..."

"Tumbo imepasuka, apumuzike apone? Muulize daktari." Sauti yake ilipanda, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Na we unalala hapa unasema ni we ulimulazimisha. We, na muguu imevunjika, ulikuwa na nguvu ya kulazimisha nani? Angetaka kukutupa angekutupa. Alikubeba sababu alitaka. Alijua tumbo yake, alijua njia, alijua amri, akakubeba. Ile tu ndiyo nimebaki nayo ya mutoto wangu, na we unataka kuninyanganya, useme ni ya kwako."

Nimewahi kutukanwa na makamanda, lakini sikuwahi kuambiwa ukweli kiasi kile nikiwa nimelala chali. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimejitukuza mara mbili: mbele ya watu kwa tabasamu la uongo, na peke yangu kwa dhambi ambayo haikuwa yangu. Kati ya hayo mawili, Damaseni mwenyewe alikuwa hana pa kukaa.

Mukecuru akasimama, akafunua shuka. Hakujifanya. Uso ulijikunja, akaziba pua kwa ncha ya kitenge, akauinamia mguu akautazama kutoka kwenye goti mpaka kwenye vidole.

"Ayii! Hii? Hii ndiyo unasema ni Damaseni?" Akafunika. "Mutoto wangu alibeba mutu. Hii takataka haimuhusu."

Kisha akaniinamia, karibu kabisa, mpaka nikasikia pumzi yake ya mtama.

"Sasa ni mi nakuuliza, Eliya. Nikutue?"

Nikatikisa kichwa. Alisubiri. Hakutaka kichwa, alitaka neno.

"Hapana," nikasema. "Usinitue."

"Veneranda," akasema bila kugeuka, "mwite daktari."

Walinikata siku mbili baadaye, asubuhi. Sitaeleza, kwa sababu nililala. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichotambua hakikuwa maumivu. Kilikuwa hewa. Nilikuwa nanusa sabuni ya wodi, na chai ya mtu, na mvua kwenye vumbi nje ya dirisha. Veneranda aliweka kichwa chake kwenye mto wangu na akakaa hivyo muda mrefu, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu masika.

Aliniambia kwamba hospitali iliuliza kama familia itauchukua mguu au wauchome. Sisi hatuna shamba, tumepanga. Mukecuru akasema atauchukua yeye. Aliuweka kwenye beseni lenye mfuniko, akaufunga kwa kitenge chake, akaupakata mpaka Kanama kwa minibasi. Abiria walilalamika harufu. "Ni ya mutu," aliwaambia, wakanyamaza. Niliposikia hivyo nilijua atauzika kando ya mwanawe, na nililia kwa raha.

Sasa kwa wewe unayeanza tu kuuguza mguu. Ukikatwa, kisiki kitawasha mahali ambapo hakuna kitu, vidole visivyokuwepo vitabana, na utaamka unataka kuvikuna. Mimi nilikuwa nakuna shuka, na ilisaidia kidogo, usiniulize kwa nini. Utaanguka bafuni, na pengine utaanguka mbele ya watu. Pokea msaada wa kufua kabla hujaombwa uukubali. Mwambie mwenzi wako kwamba unanuka, usimwachie yeye kulibeba neno hilo. Na usimruhusu mtu yeyote akupangie upande wa upepo.

Mwaka uliofuata kiongozi wa mtaa alikuja tena kuhusu sherehe. Nilikubali, kwa sharti kwamba nitasema ilivyokuwa: matapishi, mavi, na mtu mzima anayemwita mama yake. Nilimwambia ushujaa wa Damaseni uko hapo hapo kwenye uchafu ule, alikuwa ndani yake hadi shingoni na bado akaongeza mwendo, na ukiusafisha humwoni tena. Akanisikiliza kwa adabu. "Afande, kutakuwa na watoto," akasema. Muda wangu ukapewa kwaya.

Masika yaliyofuata nilipata mguu wa bandia, na mara tu nilipoweza kupanda kilima nao nikaenda Kanama. Mukecuru alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Damaseni, lililofyekwa vizuri. Nilisimama hapo nikimweleza Damaseni niliyopaswa kumweleza, kisha nikatafuta kwa macho tuta dogo kando yake. Hapakuwa na tuta.

"Mama, mguu uko wapi?"

Akanyoosha kidole chini kabisa, kupita migomba, kupita mtaro, hadi mwisho wa shamba kwenye kichaka.

"Kule? Mbona mbali hivyo?"

Aliniangalia kama mtu asiyefundishika. Akainama, akang'oa jani moja la magugu kwenye kaburi la mwanawe.

"Alishabeba ile muguu mara moja," alisema. "Mwache apumuzike."